Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani kwa ramani

WATOTO wanaozaliwa Kinoo, Uthiru na Kikuyu, kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,800 magharibi mwa Nairobi, ni nadra kupatwa na saratani ya taya ambayo kwa miaka mingi imewaandama wenzao wa Nyanza na Pwani. Aliyeifuatilia tofauti hiyo hadi ikaeleweka ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen. Baba yake, mhandisi wa wilaya, alikuwa na mazoea ya kuwavisha ndege pete na kuchora ramani ya maeneo yao. Akiwa na umri wa miaka 11, mwanawe alipoteza jicho moja kwa jiwe lililorushwa na watoto. Baadaye jicho hilo lilimfanya akataliwe alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni. Ni baada ya kutumikia jeshi wakati wa vita, ikiwemo hapa Kenya, ndipo alipopokelewa nchini Uganda mwaka wa 1946.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira. Huko aligundua kwamba mabusha yalikuwa mengi upande wa mashariki wa wilaya na haba upande wa magharibi, naye akaweka hayo kwenye ramani. Watu wengi wangepita bila kuliona jambo hilo.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Majuma machache baadaye, Burkitt alikuta mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akafukua kumbukumbu za hospitali, na mwaka wa 1958 akachapisha matokeo yake. Upasuaji haukufaa kitu, matibabu ya mionzi hayakuwepo Uganda, na watoto walikuwa wakifa katika muda wa miezi michache.

Mwishoni mwa 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, huku wakizuru zaidi ya hospitali 50. Kila walikofika waliuliza swali lile lile: je, mmeuona ugonjwa huu? Ramani ilionyesha kwamba katika maeneo ya ikweta uvimbe huo haukupanda zaidi ya mita 1,500 hivi, wala haukuonekana kwenye baridi kali au ukame. Burkitt alidhani ni virusi vinavyoenezwa na mbu. Alikosea nusu. Virusi vilipatikana kweli mwaka wa 1964, vikaitwa Epstein-Barr, lakini huenezwa kwa mate na vimo duniani kote. Malaria, inayokithiri katika nyanda za joto, ndiyo huvipa nguvu ya kuleta saratani.

Kuhusu tiba, alijaribu dawa ya methotrexate, na nyingine baadaye. Jijini Nairobi, daktari Peter Clifford naye alikuwa akiwatibu watoto kwa dawa za aina hiyo. Uvimbe ulinywea katika muda wa siku chache, na baadhi ya watoto waliopata dozi chache tu wakaishi miaka mingi. Burkitt hakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa hakika hakulihitaji: ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila mtoto sasa ulikuwa ukiwaacha wengine hai.

Hata hivyo, macho ya daktari yalikuwa na kikomo. Dawa moja au kadhaa? Dozi kiasi gani? Vipi ugonjwa unaporejea na kushambulia ubongo? Maswali hayo yalijadiliwa Makerere kwenye kongamano la Januari 1966, na mwaka uliofuata kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Chini ya John Ziegler, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu ili matibabu yalinganishwe kwa haki. Ziegler alipoondoka 1972, enzi za Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliendeleza kazi hiyo. Mwaka huo huo Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Lasker.

Kufikia wakati huo Burkitt alikuwa amerudi Uingereza, akihubiri jambo jingine: Waafrika wa vijijini, alisema, hawapati saratani ya utumbo kama Wazungu kwa sababu vyakula vyao vina nyuzinyuzi nyingi. Ilikuwa mbinu ile ile ya ramani na ulinganisho, ila safari hii bila mgonjwa anayepona mbele ya macho yako. Mamilioni walibadilisha kiamshakinywa chao kabla ya majaribio yoyote makubwa kufanywa.

Majaribio yalipofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2000, nyuzinyuzi hazikuzuia vinyama vya utumbo kurejea. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi wa zaidi ya watu 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulielekea kumuunga mkono. Burkitt hakuyaona yote mawili. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.