Mwalimu Enoch Sontonga na Wimbo Wake

Zamani katika nchi ya Afrika ya Kusini palikuwa na mwalimu mmoja, jina lake Enoch Sontonga. Hakuwa na mali wala cheo kikubwa, lakini wimbo alioutunga huimbwa hata leo.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1873 katika mji wa Uitenhage, naye alikuwa mtu wa kabila la Xhosa. Alijifunza kazi ya ualimu katika chuo cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mji ule ulikuwa mpya, kwa maana dhahabu ilivumbuliwa huko mwaka wa 1886. Waafrika wengi waliacha makwao kwenda kuchimba, wakapata kazi nzito na ujira mdogo.

Sontonga aliongoza kwaya ya shule, na alipopata nafasi alihubiri na kupiga picha. Nyimbo alizitunga mwenyewe, maneno na sauti pia, akaziandika katika daftari kwa alama za do, re, mi, ili wanafunzi wake wajifunze. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa kuwa aliyaona mateso ya watu wake. Hata hivyo zilipendeza mno masikioni.

Mwaka wa 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, uitwao Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwaka wa 1899 uliimbwa mbele ya watu wengi, siku mchungaji mmoja Mwafrika alipowekewa mikono.

Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alikufa, angali kijana, akamwacha mkewe Diana na mtoto mmoja wa kiume. Nyimbo zake zilikuwa hazijapigwa chapa. Basi viongozi wa kwaya wakawa wakimwendea mjane kuazima nyimbo za daftari lile, hata baadaye likapotea.

Lakini wimbo ule ulikwisha kuenea. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, Waafrika walipokutana kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mshairi Samuel Mqhayi aliuongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, sauti ya wimbo huo, kwa maneno ya Kiswahili, ilikuwa wimbo wa taifa. Mwaka wa 1994 Afrika ya Kusini nayo iliufanya wimbo wa taifa.

Hata hivyo, kaburi la mtungaji halikujulikana. Watu walilitafuta jina la Sontonga katika vitabu vya makaburi ya Braamfontein wasilione. Kumbe aliandikwa kwa jina la Enoch tu! Tarehe 24 Septemba 1996, mbele ya Rais Nelson Mandela, kaburi hilo lilifanywa ukumbusho wa taifa.

Daftari lilipotea na kaburi likasahauliwa. Wimbo haukupotea, kwa sababu wanafunzi wa mwalimu yule walikuwa wamekwisha kuuhifadhi, nao wakawafundisha wengine.