William Jones, jaji aliyempima Kalidasa kwa mizani ya Shakespeare

RELI iliyofika Eldoret mwaka wa 1924, kisha ikapita Turbo kuelekea Uganda, ilikuwa tawi la ile njia ya kwanza kutoka Mombasa ambayo vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi waliijenga kati ya mwaka wa 1896 na 1901. Nyuma ya vibarua walikuja wenye maduka. Katika miji midogo ya nyanda za juu, duka la Mhindi lilisimama hatua chache tu kutoka shuleni, lakini shuleni aliyefundishwa ni Shakespeare. Mwanafunzi wa Turbo aliweza kumaliza masomo yake akiijua vyema ile ratili ya nyama aliyoidai Shylock, pasipo kusikia hata mara moja jina la Kalidasa, mtunzi ambaye wahenga wa yule mwenye duka walimheshimu kwa karne nyingi kabla Shakespeare hajazaliwa.

Mtu aliyewaweka watunzi hao wawili katika mizani moja mbele ya wasomaji wa Ulaya aliitwa William Jones. Alikuwa jaji, mshairi na mjuzi wa lugha, na maisha yake yalikuwa mafupi mno kwa kazi aliyoifanya.

Jones alizaliwa London tarehe 28 Septemba 1746. Baba yake, aliyeitwa pia William Jones, alikuwa mwanahisabati kutoka kisiwa cha Anglesey huko Wales, na ndiye aliyeanza kuitumia alama ya pai katika kitabu cha mwaka wa 1706. Mzee huyo alifariki mtoto akiwa hajatimiza umri wa miaka mitatu. Mama, Mary Nix, akabaki mlezi na mwalimu, na kila mtoto alipouliza jambo, jibu lake lilikuwa kumwelekeza kitabuni.

Mwaka wa 1753 alipelekwa shule ya Harrow. Huko likatokea jambo ambalo waandishi wa maisha yake hawachoki kulisimulia. Wanafunzi walitaka kuigiza tamthilia, wakachagua The Tempest ya Shakespeare, ila hawakuwa na nakala. Jones, akiwa na umri wa miaka kama 12, aliketi akaiandika kutoka kichwani, na wenzake wakapata maneno ya kuigizia. Yeye mwenyewe alijichukulia nafasi ya Prospero, mzee wa uganga atawalaye kisiwa. Inafaa kukumbukwa kwamba katika mkusanyiko wa mwaka wa 1623 tamthilia hiyo ndiyo ya kwanza katika fungu la futuhi, yaani michezo ambayo hata ikianza kwa dhoruba huishia kwa msamaha na ndoa. Kwa hiyo futuhi ya Kiingereza haikuwa kwa Jones somo la kitabuni. Aliibeba kifuani tangu utotoni, na miaka kama 25 baadaye ndicho kipimo alichokwenda nacho India.

Katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikoingia mwaka wa 1764, alijifunza Kiarabu kwa msaada wa mtu kutoka Aleppo, Syria, ambaye alimpeleka Oxford mwenyewe. Kiajemi kilifuata. Mfalme wa Denmark alimtaka atafsiri kwa Kifaransa historia ya Nadir Shah, nayo ikachapishwa mwaka wa 1770. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiajemi. Sifa zilikuwa tele, mapato haba. Akageukia sheria ili apate riziki.

Tangu mwaka wa 1773 alikuwa mwanachama wa klabu maarufu ya Samuel Johnson, ambamo pia alikuwamo David Garrick, mwigizaji mkuu wa Shakespeare wa zama hizo. Kwa hiyo Shakespeare aliyemjua Jones ukubwani alikuwa Shakespeare wa Garrick, na jambo hilo lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

Alitamani kuwa jaji katika Mahakama Kuu ya Calcutta, lakini siasa zake zilimchelewesha. Aliwaunga mkono Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru wao dhidi ya Uingereza, alikuwa rafiki ya Benjamin Franklin, na aliandika kijitabu kuhusu haki za raia ambacho baadaye kilimfikisha shemeji yake mahakamani. Uteuzi ulimjia hatimaye mwezi Machi 1783. Alimwoa Anna Maria Shipley mwezi Aprili, na siku chache baadaye maharusi wakapanda manowari iitwayo Crocodile.

Njiani meli hiyo ilitia nanga Nzwani, mojawapo ya visiwa vya Ngazija ambavyo Waingereza walizoea kuviendea kutafuta maji na chakula. Jones alishuka. Alizungumza Kiarabu na wakuu wa kisiwa, akasafiri hadi Domoni kumwona mfalme, na baadaye akaandika makala ndefu kuhusu ziara hiyo. Ndipo mahali pekee ambapo bingwa huyo wa lugha alikanyaga ulimwengu wa Waswahili na jirani zao. Lugha ya wenyeji, iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, haikupata kwake ile heshima kilichopewa Kiarabu. Alivutiwa na watu waliokuwa na vitabu, katika lugha ambayo tayari ilikuwa na jina Ulaya. Kasoro hiyo ilikuwa ya wasomi wengi wa wakati wake, na athari zake zilidumu muda mrefu.

Alifika Calcutta mwezi Septemba 1783. Tarehe 15 Januari 1784 alianzisha Jumuiya ya Asia, chama cha kuchunguza elimu za bara hilo. Mahakamani alitegemea wapandita wamfasirie sheria za Kihindu, na hakupendezwa kutoa hukumu kwa kuamini kauli ya mtu mwingine. Akaazimia kujifunza Kisanskriti. Makuhani wa Kibrahmini walikataa kumfundisha lugha yao takatifu. Aliyekubali hatimaye ni Ramlochan, ambaye hakuwa Mbrahmini bali mtu wa jamii ya matabibu. Mwezi Februari 1786 Jones alitoa hotuba iliyompa umaarufu mkubwa zaidi duniani, akieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba lazima vilitoka katika shina moja.

Hata hivyo habari ya tamthilia ilianza kwa swali dogo. Jones alikuwa amesoma katika barua za wamishonari kwamba Wahindi wana vitabu viitwavyo nataka vyenye historia ya kale. Aliuliza huku na huku. Wengine walimwambia hivyo si vitabu vya historia bali ni mazungumzo mchanganyiko tu, naye hakuelewa. Mwishowe Mbrahmini mmoja, Radhakanta, alimfungua macho. Alimweleza kwamba Waingereza nao wana tungo za namna hiyo, zinazoonyeshwa hadharani mjini Calcutta wakati wa majira ya baridi.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, ingawa husahauliwa. Ulinganishi wa tamthilia ya Kisanskriti na mchezo wa jukwaani wa Kiingereza haukubuniwa kwanza na Mzungu. Ulitoka kinywani mwa Mhindi aliyekuwa ameitazama sanaa ya wageni na kuitambua kuwa ni ya jinsi moja na ile ya kwao. Jones, kwa uungwana wake, aliyaandika hayo katika dibaji na kumtaja mtu huyo kwa jina. Waliomfuata hawakuwa waungwana kiasi hicho.

Jones aliuliza ipi kati ya nataka zote ni bora, akaelekezwa kwa Shakuntala ya Kalidasa. Aliitafsiri kwanza kwa Kilatini, neno kwa neno, kwa kuwa aliona Kilatini kiko karibu na Kisanskriti, ndipo akaigeuza kuwa Kiingereza. Kitabu kilichapishwa Calcutta mwaka wa 1789 kwa gharama yake mwenyewe, na faida ikakusudiwa kuwafaa wadaiwa walioshindwa kulipa madeni. Katika dibaji alimwita Kalidasa Shakespeare wa India, jina ambalo halijambanduka hadi leo. Aliongeza kwamba sanaa hiyo ilistawi India wakati Waingereza wenyewe wangali washenzi wasiojua kusoma.

Kisa chenyewe kina matendo saba. Mfalme Dushyanta, akiwa mawindoni, anafika katika makao ya watawa msituni na kumpenda Shakuntala, binti aliyelelewa na mtawa Kanva. Wanaoana kwa siri, mfalme anamwachia pete na kurejea mjini. Shakuntala, akiwa amezama katika mawazo ya mumewe, hamsikii mtawa mkali Durvasa akibisha. Mtawa anamlaani: yule unayemuwaza atakusahau, mpaka aone kitu cha kumkumbusha. Njiani kwenda kwa mume, pete inaanguka majini. Mfalme anamkana mke wake mjamzito mbele ya baraza. Siku nyingi baadaye mvuvi anaikuta pete tumboni mwa samaki, kumbukumbu inarudi, na mwishowe baba, mama na mtoto wanakutana.

Aliyesoma futuhi za Shakespeare atajiona yuko nyumbani. Pete inayoumbua mume imo katika The Merchant of Venice na All's Well That Ends Well. Familia iliyotawanyika na kukutana baada ya miaka mingi ni kisa cha The Winter's Tale. Kotekote wenye vyeo husema kwa lugha moja na wadogo kwa nyingine: Shakespeare mara nyingi huwapa mabwana ushairi na watumishi nathari, Kalidasa huwapa mfalme na makuhani Kisanskriti, na wanawake na watu wa kawaida lugha za Kiprakriti zilizokuwa za mitaani. Na kotekote askari ni wa kuchekwa. Katika Much Ado About Nothing yupo Dogberry, mkuu wa walinzi asiyejua asemalo. Katika Shakuntala askari wawili wanamkamata yule mvuvi, wanampiga na kumwita mwizi. Habari inapofika kwamba mfalme amempa zawadi, mvuvi anawagawia fedha, na ghafla wote ni marafiki, wanaelekea kilabuni pamoja. Msafiri yeyote wa barabara ya Eldoret hadi Malaba hahitaji mfasiri kuuelewa mchezo huo.

Tofauti nazo ni kubwa. Jukwaa la London lilikuwa biashara. Mtu alilipa peni moja akasimama uani, na nafasi za wanawake ziliigizwa na wavulana. Tamthilia ya Kisanskriti ilikuwa ya makasri na sikukuu, wanawake waliigiza, na lengo lake lilikuwa kuamsha katika mtazamaji onjo maalumu la hisia, liitwalo rasa, kuliko kumshangaza kwa matukio. Kumalizia kwa maafa hakukuruhusiwa na kanuni zake. Kwa hiyo kuigawa katika futuhi na tanzia ni kumpimia nguo mtu kwa mwili wa mwingine. Shakuntala ina kicheko, ina kilio, na haimo katika fungu lolote kati ya hayo.

Kipimo hicho kilimponza Jones mwenyewe. Katika tamthilia hiyo yumo Madhavya, chale wa mfalme, Mbrahmini mlafi anayechoshwa na mawindo na kumkejeli bwana wake waziwazi. Mhusika wa aina hiyo, vidushaka, ni nguzo ya sanaa ya Kisanskriti: ni Mbrahmini, lakini hasemi Kisanskriti bali Kiprakriti, na mbele ya mfalme ndiye mwenye ruhusa ya kusema kweli. Jones alishauri kwamba mazungumzo ya mfalme na chale huyo yangeweza kuondolewa yote pasipo hasara, na matendo saba yakapunguzwa kuwa matano. Katika tafsiri yenyewe alimwacha Madhavya mahali pake, lakini baadhi ya maelezo ya mwili wa Shakuntala aliyapunguza makali ili wasomaji wa Kiingereza wasione haya.

Ushauri huo ungekuwa wa kushangaza kutoka kwa mpenzi wa Shakespeare, kama Shakespeare wa siku hizo asingekuwa naye amekatwakatwa. Mwaka wa 1772 Garrick aliigiza Hamlet bila wachimba kaburi. Chale wa King Lear alikuwa amefukuzwa jukwaani tangu mwaka wa 1681, Nahum Tate alipoiandika upya na kuipa mwisho wa furaha. Jones hakumkata Kalidasa kwa dharau. Alimtendea alivyomtendea Shakespeare kila mwungwana wa London.

Tafsiri yake ilienea upesi. Georg Forster aliigeuza kuwa Kijerumani mwaka wa 1791, na Goethe akavutiwa kiasi kwamba dibaji ya jukwaani ya Faust inahesabiwa kuwa na alama ya dibaji ya Kalidasa. Haukukosekana upinzani: James Mill, katika historia yake ya India ya mwaka wa 1817, alimlaumu Jones kwa kuwasifu Wahindi kupita kiasi.

Jones hakuyaona hayo. Mkewe, aliyedhoofishwa na hali ya hewa, alirudi Uingereza mwaka wa 1793, naye akabaki kumaliza kazi ya sheria. Tafsiri yake ya sheria za Manu ilitoka mwaka wa 1794. Tarehe 27 Aprili mwaka huohuo alifariki kwa maradhi ya ini akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa katika makaburi ya Park Street chini ya mnara mrefu wa mawe.

Alikuwa kaburini kwa miaka 44 wakati William Macready alipoionyesha King Lear mjini London mwaka wa 1838 na kumrejesha chale jukwaani, akiigizwa na mwanamke, Priscilla Horton.