Siti binti Saad na sikio tunalojidai ni la pwani peke yake

Sisi watu wa pwani tuna kauli moja ambayo kila nikiisikia hunichoma. Ukimwuliza mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja anapenda muziki gani, atakwambia taarabu, na hapo hapo ataongeza kwamba taarabu iko kwenye damu, kwamba mtu wa bara hata umwekee mchana kutwa haitamwingia. Akimaliza atamtaja Siti binti Saad kama ushahidi. Basi acheni niwasimulie Siti alikuwa nani, maana wengi tunalijua jina kuliko maisha yake.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, miaka ya 1880 hivi. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Yaani huyo tunayemwita mama wa taarabu, wazazi wake wote wawili asili yao ni bara. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na halikuwa jina la utani. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wakati huo yeye tayari ni msichana. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akawa anachukua vyungu kichwani kutoka shamba kwenda mjini, akitembeza mtaa kwa mtaa na kunadi bidhaa kwa sauti. Hakusoma, wala hakujua kuandika. Shule yake ya sauti ilikuwa ile njia ya vumbi ya Fumba.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba kwa kufuata udi, akashika mashairi ya Kiarabu kwa masikio tu. Hapa tukumbuke taarabu ya siku zile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa starehe ya jumba la mfalme. Sayyid Barghash ndiye aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, cha wanaume, nyimbo kwa Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo, mpagazi au mpishi, kama aliisikia basi aliisikia kupitia dirishani kwa tajiri wake. Angeulizwa anapenda nini, angetaja ngoma. Taarabu haikuwa kwenye damu ya mtu yeyote pale. Ilikuja na meli, kama kashata isivyokuja.

Siti aliimba Kiarabu majumbani mwa wakubwa, wakampenda, na jina la Mtumwa likazikwa, likaja la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Angeweza kuishia hapo. Lakini usiku alirudi Ng'ambo, na huko yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo na Mbaruku Talsam, huyu wa mwisho mtoto wa Mombasa, waliimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani. Mapenzi, naam, lakini pia mahakimu, wenye fedha, na wanyonge walioonewa.

Wimbo wao wa Kijiti ndio ninaourudia zaidi. Unahusu kisa cha kweli: mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja, muuaji akavuka bahari akatoroka, na wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakatiwa jela. Siku hizi kazi imenileta Khayega, kule Kakamega, ambako kinyozi ana rumba yake, wazee wanaapa kwa gita la George Mukabi na twisti ya Daudi Kabaka, na msibani hupigwa isukuti, ngoma tatu ambazo wenyewe huziita baba, mama na mtoto. Nilimwekea mama jirani yangu wimbo ule, sahani kuukuu inayokwaruza. Dakika ya kwanza aliniuliza huyu analalamikia nini. Nilipomweleza kisa, aliacha kupeta maharage, akataka nirudishe mwanzo. Hakuniuliza tena kuhusu udi wala fidla. Aliniuliza wale wanawake walifungwa muda gani. Sasa niambieni, hilo ni sikio la bara au la pwani?

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walipanda meli hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani za zama zile ulibeba kama dakika tatu tu, na wimbo uliozoea kuchezewa nusu usiku, watu wakituza na kuomba urudiwe, ilibidi ukatwe uingie mle. Hata hivyo kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa sahani zaidi ya 70,000 za Siti na wenzake. Idadi hiyo haiwezi kumalizwa na Waunguja peke yao. Zilinunuliwa kila palipoeleweka Kiswahili, na wenye kampuni walilijua hilo kabla yetu: soko lao lilikuwa lugha, si kabila wala ufuko.

Hapakukosekana wa kumcheka. Waliimba kumkejeli, wakiuliza lini naye amekuwa mtu, yeye aliyekuja mjini na kaniki mbili, wakamsema na sura yake. Wasemaji hao walikuwa ndugu wa damu wa hawa wanaotuambia leo nani ana sikio na nani hana. Siti hakwenda mahakamani wala hakununa. Alijibu kwa wimbo, akasema uzuri wa sura si hoja, na mtu asiye na akili ndiye wa kusikitikiwa. Wimbo wake umebaki. Wa wale unakumbukwa kwa sababu yake yeye.

Umri ulipomwelemea, sauti ikamchoka, lakini watu waliendelea kumtembelea. Bi Kidude, ambaye wengi wetu tuliwahi kumwona kabla hajafa mwaka 2013, alizibeba nyimbo zake hadi majukwaa ya Ulaya. Siti mwenyewe alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alimsimulia maisha yake Shaaban Robert, naye akamwandikia wasifu ambao baadhi yenu mliusoma shuleni. Shaaban Robert huyo, tunayemwita bingwa wa Kiswahili chetu cha mwambao, alizaliwa Tanga. Wazazi wake walikuwa Wayao.