MASATAKA TAKETSURU, MWANAFUNZI WA WISKI

Wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi vijana mlioko shuleni sasa: katika kila mkutano wetu, taarifa ya mweka hazina ikishapokelewa, huwa haikosekani meza moja ya wazee wanaobishana juu ya wiski. Mmoja husifu ile yenye moshi. Wa pili hujibu kuwa moshi mahali pake ni jikoni. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mtumishi wa serikali kama mimi, huuliza ni ipi iliyo nzuri na ambayo mtu anaweza kuinunua bila kukopa. Mabishano hayo ndiyo yaliyotawala maisha ya Masataka Taketsuru, mtu anayetajwa kuwa baba wa wiski ya Japani. Vijana wayasome maisha haya kama somo la historia na la kemia. Chupa zitawasubiri.

Taketsuru alizaliwa tarehe 20 Juni, 1894, katika mji mdogo wa Takehara, mkoa wa Hiroshima, katika ukoo uliokuwa ukitengeneza sake, yaani pombe ya mchele. Utotoni alianguka kwenye ngazi akaumia vibaya pua, na mwenyewe aliamini maisha yake yote kwamba tangu siku ile pua yake ilianza kunusa mambo ambayo wengine hawayanusi. Madaktari watasema wanavyotaka. Alisoma shule ya sekondari ya bweni ya Tadanoumi, na miongoni mwa wadogo zake wa bwenini alikuwamo Hayato Ikeda, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Japani kuanzia mwaka 1960 hadi 1964. Urafiki wao haukukatika. Sisi wa chama hiki tunajua vizuri jinsi kijana aliyekuwa akikutandikia kitanda anavyoweza kukufaa baada ya miaka arobaini.

Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Ufundi cha Osaka kusomea utengenezaji wa vileo. Alitarajiwa kurudi nyumbani kusimamia mapipa ya sake, lakini moyo wake ulivutwa na vinywaji vya Kizungu, na mwaka 1916 akaajiriwa na kampuni ya Settsu Shuzo mjini Osaka. Aliyempokea kazini ni Kiichiro Iwai, naye mwanafunzi wa zamani wa chuo hicho hicho.

Hapana budi nieleze wiski ya Japani ya siku zile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa spiriti tupu, ikatiwa rangi, sukari na manukato, ikabandikwa lebo yenye maneno ya Kiingereza. Kampuni ya Settsu nayo ilitengeneza vitu vya namna hiyo. Ila mkuu wake aliona mbali: watu wakisha kuonja wiski yenyewe kutoka Uskoti, hawatarudi kwenye maji ya rangi. Basi mwaka 1918 akamtuma Taketsuru, kijana wa miaka 24, aende Uskoti akajifunze.

Alifika Uingereza mwishoni mwa mwaka huo, akipitia Marekani, vita kuu ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Akaanza kuhudhuria masomo ya kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Lakini wiski haifundishwi ubaoni, na wenye viwanda hawakuwa na sababu ya kumfundisha mgeni. Alimwendea mtaalamu mmoja, J. A. Nettleton, aliyekuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo, naye akadai ada ambayo kijana wetu hakuimudu. Ndipo akashika daftari lake akaenda kubisha hodi viwandani yeye mwenyewe. Mwezi Aprili 1919 kiwanda cha Longmorn, kaskazini mwa Uskoti, kilimkubalia kwa siku chache.

Aliyewahi kuona gongo ikipikwa hatapata taabu kuelewa alichokikuta. Shayiri hulowekwa mpaka iote, kama tufanyavyo kimea cha togwa au cha pombe ya kienyeji. Kisha hukaushwa juu ya moto, na huko Uskoti moto huo mara nyingi huchochewa kwa udongo mweusi wa vinamasi unaowaka kama kuni. Moshi wake hushikana na punje, na ndio ule moshi unaobishaniwa na wazee wetu. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto, hutiwa hamira, na uji ule ukisha chacha hupikwa katika chungu kikubwa cha shaba, mvuke ukapozwa ukawa maji tena. Hupikwa mara mbili. Yanayotoka mwanzo ni makali mno, na yanayotoka mwisho yana harufu nzito mbaya. Mpishi huchukua ya katikati tu, na ustadi wake wote umo katika kujua lini aanze na lini aache. Tofauti kubwa na gongo ni kwamba kinachopatikana hakinywewi jioni ile ile. Hulazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa miaka, na mti ndio unaokipa rangi ya dhahabu, utamu na upole.

Taketsuru aliandika yote hayo, akachora mitambo, akapima, akanusa, akaonja. Inasimuliwa kwamba alijitolea kuingia ndani ya chungu cha shaba kukisafisha, kazi iliyokuwa ikikimbiwa na vibarua, ili aone kilivyoundwa kwa ndani. Baadaye mwaka huo alijifunza huko Bo'ness jinsi wiski ya nafaka inavyotengenezwa kwa mtambo mrefu wa Coffey unaotoa mvuke bila kukatika, na mwaka 1920 akakaa miezi kadhaa katika kiwanda cha Hazelburn mjini Campbeltown. Daftari zake mbili zilikuwa taarifa kamili ya safari ya kikazi, na sijui kama kuna mtumishi yeyote, wa nchi yoyote, aliyepata kuandika taarifa ya safari yenye manufaa zaidi.

Huko Campbeltown hakuwa peke yake tena. Alikuwa amefahamiana na familia ya Cowan ya Kirkintilloch, karibu na Glasgow, alikokwenda kumfundisha judo mdogo wa kiume wa nyumba hiyo, na humo akampenda binti, Jessie Roberta, aliyeitwa Rita. Wazee wa pande zote mbili walipinga. Tarehe 8 Januari, 1920, walioana katika ofisi ya msajili bila shamrashamra, na mwishoni mwa mwaka wakafika Japani pamoja.

Taarifa ilikabidhiwa kwa Bwana Iwai. Ikawekwa kabatini. Uchumi ulikuwa umeporomoka baada ya vita, na kampuni haikuwa na fedha za kujenga kiwanda ambacho bidhaa yake ya kwanza ingeuzwa baada ya miaka mitano au zaidi. Taketsuru alijiuzulu mwaka 1922, akawa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Osaka, huku Rita akifundisha Kiingereza na piano. (Taarifa yenyewe ilikuja kutoka kabatini baada ya miaka arobaini hivi, Iwai alipoitumia kubuni kiwanda cha wiski cha kampuni nyingine mwaka 1960. Tusikate tamaa na makabati yetu.)

Mwaka 1923 alitafutwa na Shinjiro Torii, mfanyabiashara aliyetajirika kwa mvinyo mtamu na aliyetaka kutengeneza wiski ya kweli. Walipatana mkataba wa miaka kumi, kwa mshahara wa yeni 4,000 kwa mwaka, kiwango ambacho angelipwa mtaalamu kutoka Ulaya. Tangu mwanzo hawakuona jambo kwa jicho moja. Taketsuru alitaka kiwanda kijengwe kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, kwenye baridi na ukungu kama Uskoti. Torii alitaka kiwe karibu na wanunuzi. Torii ndiye aliyekuwa na fedha, na kiwanda kikajengwa Yamazaki, kati ya Osaka na Kyoto, mahali penye maji mazuri na ukungu wa mito mitatu inayokutana. Kilikamilika mwaka 1924.

Chupa ya kwanza, Shirofuda, maana yake lebo nyeupe, ilitoka mwaka 1929, na haikununuliwa. Wajapani waliionja wakasema imeungua, inanuka moshi. Taketsuru alikuwa ametengeneza kile hasa alichoandika katika daftari, akiamini kwamba watu watajifunza kukipenda. Torii aliona kwamba mfanyabiashara asiyesikiliza ulimi wa mnunuzi atafunga duka. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana hawakuweza kukaa pamoja. Mtaalamu akahamishiwa kiwanda cha bia. Wenye utumishi mrefu wanajua uhamisho wa namna hiyo una maana gani. Mkataba ulipokwisha, mwaka 1934 akaondoka. Torii aliendelea kutafuta ladha laini ya Kijapani, akaipata, na kampuni yake leo ni Suntory.

Taketsuru naye akaenda Hokkaido, mji wa Yoichi, akiwa na miaka 40. Kwa kuwa wiski hukawia, ilibidi kwanza auze kitu cha kuwalisha wafanyakazi. Yoichi ni nchi ya matofaa, basi akaanzisha kampuni ya maji ya matofaa. Kwa tabia yake hakukubali kuchanganya na maji. Kinywaji kikawa ghali, kikafanya ukungu ndani ya chupa, na wenye maduka wakakirudisha. Hata hivyo alisukuma siku, akaweka chungu kimoja tu cha shaba, na mwaka 1940 akatoa wiski yake ya kwanza. Jina lake, Nikka, ni kifupisho cha jina la kampuni ile ya matofaa.

Kisha ikaja vita kuu ya pili. Jeshi la wanamaji lilihitaji wiski, kwa hiyo kiwanda kilipewa shayiri na mapipa yakasalimika. Nyumbani hali haikuwa hivyo. Rita alikuwa na uraia wa Japani na alizungumza Kijapani, lakini sura yake ilikuwa ya adui. Aliangaliwa na polisi kama mpelelezi, na majirani waliomjua kwa miaka wakamkwepa. Hakuondoka.

Baada ya vita nchi ilikuwa maskini, na sheria iliruhusu kinywaji cha daraja la tatu kiitwe wiski hata kikiwa na wiski halisi isiyozidi asilimia 5, au kikakosa kabisa. Makampuni yaliuza vitu hivyo kwa wingi. Taketsuru alikataa kwa miaka, mpaka deni likamfikia kooni na mishahara ya watu ikawa mashakani. Mwaka 1950 akakubali. Lakini alitia asilimia zote 5 zilizoruhusiwa, na akapiga marufuku rangi na manukato ya bandia. Kwangu mimi hapa ndipo alipoonyesha ukubwa wake kuliko penginepo: alishindwa na soko, akaendelea kuhesabu matone.

Rita alifariki Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 64. Taketsuru alijifungia kwa huzuni. Kisha pamoja na Takeshi, mpwa wake aliyemfanya mwana, akachanganya wiski bora kuliko zote alizokuwa nazo, ikatoka mwaka 1962 kwa jina la Super Nikka, katika chupa zilizopulizwa kwa mdomo wa fundi mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa ya wachache. Ya wengi ilifuata. Mwaka 1963 alileta kutoka Uskoti mtambo wa Coffey, wa mtindo ambao wengine walikuwa wakiuona umepitwa na wakati, kwa sababu unaacha ladha ya nafaka ndani ya kinywaji. Mwaka 1965 akatoa Black Nikka mpya kwa yeni 1,000, wiski ya mtu wa kawaida iliyochanganywa kwa wiski ya kweli, na washindani wakalazimika kumfuata kwa bei na kwa ubora. Yeye mwenyewe nyumbani hakunywa chupa za fahari. Alikunywa Hi Nikka, ya bei ya chini, ile waliyokunywa wateja wake walio wengi.

Akiwa na miaka zaidi ya 70 alitafuta mahali pa kiwanda cha pili. Alipofika kwenye bonde moja karibu na Sendai, alichota maji ya mto akayachanganya na Black Nikka, akaonja, akasema ni hapa. Kiwanda cha Miyagikyo kilifunguliwa mwaka 1969. Alifariki tarehe 29 Agosti, 1979, na akazikwa Yoichi pamoja na Rita.

Kwa wale wa meza yetu watakaouliza waanze na ipi: Yoichi ni ya wapenda moshi, yenye chumvi kidogo na uzito, maana vyungu vyake huchemshwa kwa moto wa makaa ya mawe kama Taketsuru alivyoona Uskoti. Miyagikyo ni laini, yenye harufu ya matunda. Yenye thamani kuliko bei yake, kwa ulimi wangu, ni Nikka From the Barrel, chupa fupi ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 51.4, ongezeni maji kidogo, nayo hufunguka, ikatoa utamu wa asali na ukali wa viungo. Mwaka 2001 wiski ya Yoichi ya miaka 10 ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la jarida la Kiingereza la wiski, mbele ya zile za Uskoti, na mwaka 2008 nyingine ya Yoichi, iliyopikwa mwaka 1987, ikatajwa kuwa bora duniani katika kundi lake. Wiski hiyo ya 1987 ilipikwa miaka minane baada ya mwenyewe kuzikwa, katika kiwanda alichokianzisha kwa kuuza maji ya matofaa.