Gakaara wa Wanjau: Mchapishaji wa Karatina aliyefungwa Manda

Wengi wetu Manda twaijua kwa uwanja wake wa ndege. Wachache wanakumbuka kuwa miaka ya 1950 mkoloni alikigeuza kisiwa hicho kilicho ng'ambo ya Lamu kuwa kizuizi cha watu wa bara. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa Nyeri, Gakaara wa Wanjau.

Alizaliwa 1921 Tumutumu, karibu na Karatina, mtoto wa kasisi. Shule ya Alliance ilimfukuza baada ya mgomo wa wanafunzi wa 1940, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi alianza kuandika na kujichapishia mwenyewe. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kisha akakitoa tena kwa Kikuyu. Kuanzia hapo kazi yake kubwa ikawa katika lugha ya mama.

Mwaka 1952 alichapisha nyimbo za siasa pamoja na kanuni ya imani ya Gikuyu na Mumbi, aliyoiunda kwa mfano wa ile ya kanisani. Oktoba hiyo hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa. Biashara ikafa. Alipitishwa Kajiado, Manda, kisha Athi River, na huko kalamu yake ikapata mtihani mzito. Aliandika tamthilia chini ya macho ya maafisa waliotaka wafungwa waikane Mau Mau, na wakati huohuo akaweka shajara kwa siri. Aliyekaa nje ya seng'enge asiwe mwepesi wa kumhukumu.

Alipoachiliwa alianza upya, na mwishowe Gakaara Press ikatia mizizi Karatina, mji wa soko. Wakati ulikuwa umebadilika. Nyimbo za kupigania uhuru hazikuwa tena na kazi ileile, na shule zilitukuza Kiingereza. Gakaara akageukia jarida na visa vya kuchekesha vya Wa-Nduuta, mtu wa kawaida anayehangaika na maisha ya Kenya huru. Msomaji akacheka huku akiambiwa ukweli.

Shajara yake ilitoka kitabu 1983, na mwaka uliofuata ikashiriki tuzo ya Noma, ya vitabu bora vya Afrika. Hata hivyo, 1986 serikali ya Kenya huru ilimkamata kwa tuhuma za Mwakenya. Alifariki 2001.

Sisi Wapwani hulalamika kuwa Kiamu na Kimvita havichapishwi, na tungo za wazee zinaliwa na mchwa masandukuni. Kulalamika tunaweza. Lakini Gakaara hakungoja kampuni ya Nairobi impe ruhusa ya kuiheshimu lugha yake. Alifungwa mara mbili na mtaji ukampotea, bado akarudi mtamboni. Kila mzee wetu anayefariki na diwani yake haijachapishwa, tujiulize sisi tumejaribu mara ngapi.