Ham Mukasa, Msomaji wa Mathayo

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Ham Mukasa, Mganda aliyefariki mwaka 1956. Jina lake wengi wetu tumelisikia bila kujua alikuwa nani hasa. Wenyeji wanamkumbuka kama chifu mkubwa wa Mukono, na vijana wetu wanaosoma Kyambogo, kama wanamfahamu, wanamfahamu kwa sababu ya safari yake ya Uingereza. Sisi tumemchagua kwa jambo lingine. Alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza katika sehemu hizi kuandika kitabu cha kuifafanua Injili kwa lugha ya kwao, na alikiandika baada ya kupita katika mateso, vita na majeraha.

Anayesimama Kyambogo akaitazama barabara ya Jinja yuko katikati ya habari hii. Ukielekea mashariki unapita Banda, kisha Kireka, ambako watu hukata kushoto kwenda Namugongo. Usipokata, unapita Bweyogerere na Seeta mpaka unafika Mukono. Namugongo ndiko walikochomwa moto vijana wenzake wa ikulu. Mukono ndiko alikotawala na kuzeekea.

Alizaliwa karibu mwaka 1870, na angali mdogo akapelekwa kuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Ikulu ile ilikuwa kama shule. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kufika na Uislamu, na Ham Mukasa naye alifundishwa dini hiyo kabla ya kuwa Mkristo. Mwaka 1877 walifika wamisionari Waprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 Mapadri Weupe wa Kikatoliki. Lugha ya kuwakutanisha wageni wote hao na ikulu ilikuwa Kiswahili. Hili tungependa vijana wetu walijue, kwa maana wako wanaokionea haya Kiswahili wakifika Kampala. Kabla Injili haijachapwa kwa Kiluganda ilisomwa ikuluni kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na mwalimu Alexander Mackay aliifundisha kwa tafsiri hiyo. Ham Mukasa alikijua Kiswahili vizuri.

Wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo linatupendeza. Imani yao ilijulikana kwa kitabu walichokishika mkononi, na kitabu hicho kiliweza kumwua mtu. Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Januari 1885 wasomaji watatu waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa la vijana, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa Namugongo. Ham Mukasa alinusurika. Katika miaka hiyohiyo ya hofu Mackay alikuwa akichapa kwa mtambo wake kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiluganda. Hiyo ndiyo Injili ya kwanza Waganda kuishika katika lugha yao, iliyowafikia wakati wa damu.

Kisha likaja jambo ambalo sisi wa makambini hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa, wakafuata Kiwewa na Kalema, na Wakristo wakafukuzwa Buganda. Walikimbilia magharibi, katika ufalme wa Ankole, na Omugabe Ntare akawaruhusu kukaa Kabula, katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Lyantonde. Ndugu zetu walioko Nakivale na Oruchinga wanaishi katika nchi hiyohiyo ya Ankole, upande wa kusini. Kwa hiyo kanisa la Buganda, ambalo leo lina makanisa makuu na shule kubwa, liliwahi kuwa kanisa la wakimbizi waliopokewa na mfalme wa watu wengine. Wenyeji wetu wachache hutaja habari hiyo, nasi tunaona inafaa kutajwa mara nyingi zaidi.

Walirudi kwa silaha mwaka 1889 na 1890, wakamrudisha Mwanga. Katika vita hivyo vya dini Ham Mukasa alipigwa gotini, akabaki akichechemea. Na tusipambe habari: hao waliokuwa pamoja ugenini hawakukaa kwa amani hata miaka miwili. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao pale Mengo. Tuliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan tunaujua ugonjwa huo.

Askari mwenye goti bovu hana kazi vitani. Ham Mukasa alikaa na kitabu. Agano Jipya lote kwa Kiluganda lilikamilika mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na Waganda kama Henry Wright Duta. Karibu na mwaka 1900 kikatoka kitabu cha Ham Mukasa cha maelezo ya Injili ya Mathayo, kwa Kiluganda. Chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kilikuwa bado hakijafunguliwa Mukono. Hicho kilikuja mwaka 1913. Yeye alisoma kwa walimu aliowapata na kwa Injili yenyewe.

Tukae kidogo hapo. Injili ni nne, na wataalamu wa Biblia wanatukumbusha kwamba kila moja inatuonyesha Yesu kwa namna yake. Marko anakwenda haraka, Yesu wake hapumziki. Luka anawatazama sana maskini na wanawake. Yohana anaanza kabla ya dunia kuumbwa. Mathayo anaanza na orodha ya mababu, na wengi wetu huiruka orodha hiyo tukiisoma. Mganda hawezi kuiruka. Kwao mtu hujitambulisha kwa ukoo wake, akimtaja baba, babu na waliotangulia. Msomaji wa aina hiyo anaisikia sura ya kwanza ya Mathayo kama mtu mzima anayejitambulisha barazani kabla ya kusema neno. Tena katika orodha hiyo wamo Rahabu na Ruthu, wanawake wa mataifa mengine, jambo ambalo mtu wa ukoo hulisikia upesi kuliko mzungu.

Sura ya pili ni yetu kabisa. Ni Mathayo peke yake anayesimulia jinsi Yosefu alivyomchukua mtoto na mama yake usiku wakaenda Misri, jinsi Herode alivyoua watoto, na jinsi familia hiyo iliporudi haikuweza kukaa Yudea kwa kumwogopa mfalme mpya, ikahamia Nazareti. Injili nyingine tatu hazina habari hii. Tufikirie mtu aliyekuwa mtumishi wa ikulu ambamo mfalme aliua vijana, na ambaye kizazi chake kilivuka mpaka ili kuishi, anaketi na kalamu kuifafanua sura hiyo. Mwalimu aliyesoma kwa utulivu mjini London angeweza kuieleza vizuri, hatukatai. Lakini kuna mambo ambayo mwalimu huyo angehitaji kuelezwa, na Ham Mukasa hakuhitaji.

Kazi ya mfafanuzi ilikuwa ngumu pia kwa sababu nyingine. Mathayo amejaa mizabibu, mizeituni, dinari, talanta, watoza ushuru, Mafarisayo. Nchi ya migomba haina mizeituni. Mfafanuzi asiyeeleza humwacha msomaji gizani, na anayebadilisha kila kitu kuwa cha kwao humwacha Yesu bila Uyahudi wake. Mjadala huu haukuishia kwenye maandishi. Mwaka 1937, Ham Mukasa akiwa mzee, Margaret Trowell, mke wa daktari wa Mulago, alianza kufundisha wanafunzi uchoraji barazani kwake. Alipenda kuwasimulia hadithi, zikiwemo za Biblia, kisha kila mmoja achore alivyoiona moyoni, bila kuwekewa mbele picha za Ulaya za kuigwa. Mwaka 1938 kazi zao zilionyeshwa Namirembe. Kutoka hapo kikakua chuo cha sanaa cha Makerere chenye jina lake. Mmoja wa waliosoma huko, Elimo Njau wa Kilimanjaro, alichora mwaka 1959 picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Mtakatifu James huko Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, Yesu yuko katika nchi ya Wakikuyu, kati ya watu wa huko.

Wako wapendwa wanaouliza kama hiyo ni halali, maana Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya. Swali ni zuri, ila liulizwe pia mbele ya ile picha ya Yesu mwenye nywele za dhahabu inayoning'inia katika nyumba zetu nyingi. Sisi tunaona ukuta wa Murang'a hausemi Yesu alizaliwa wapi. Unasema amewajia akina nani. Habari ya alikozaliwa tunaipata kwa Mathayo na orodha yake ya mababu, ndiyo maana hatutaki orodha ile irukwe.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1902 alisafiri na Katikiro Apolo Kagwa kama karani wake, kwenda London kushuhudia Mfalme Edward wa Saba akivikwa taji. Sherehe iliahirishwa kutoka Juni hadi tarehe 9 Agosti kwa ugonjwa wa mfalme, wao wakapata nafasi zaidi ya kutazama nchi. Maelezo yake ya safari yalitafsiriwa na mmisionari Ernest Millar, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1904. Kuanzia 1905 hadi 1935 alikuwa Sekibobo, chifu wa Kyaggwe, makao yake Mukono. Alikuwa mtu mkubwa mwenye ardhi, katika mpango wa mwaka 1900 uliowapa machifu mashamba na kuwaacha wakulima wengi kuwa wapangaji. Waganda wenyewe wamelilalamikia jambo hilo miaka mingi, nasi tunaoishi kwenye viwanja vya kugawiwa tunalielewa.

Mwaka 1938, mwaka uleule wa maonyesho ya Namirembe, ilitoka sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha historia ya siku za Mutesa, na ya pili, ya siku za Mwanga, ikafuata mwaka 1942. Akakiita Simuda Nyuma, yaani sirudi nyuma. Kwetu sisi, ambao kila juma tunaulizwa tutarudi lini, jina hilo linachoma kidogo. Yeye alikuwa akisema juu ya imani.

Chuo cha theolojia cha Mukono kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda mwaka 1997. Maktaba yake inaitwa Maktaba ya Hamu Mukasa, kwa jina lake kama Waganda wanavyolitamka. Kutoka Kyambogo ni safari ya teksi moja, na barabara ikiwa haijajaa magari, haifiki saa nzima.