Admirali Hoare: Aliyeuza uvumbuzi wake kwa pauni 1

HATI ya uvumbuzi ambayo ingeweza kumtajirisha mwenyewe iliuzwa mwaka 1973 kwa pauni 1 tu. Muuzaji alikuwa Admirali Desmond Hoare. Mnunuzi, RNLI, taasisi ya hisani inayookoa watu baharini nchini Uingereza.

Baada ya kuliacha Jeshi la Majini, Hoare alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Atlantic, kilichofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's, Wales. Bahari iliyo chini ya ngome hiyo hujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa mno. Hapo wanafunzi walijifunza kuendesha mashua na kuokoa watu, wakitumia boti za mpira za kujazwa upepo.

Boti hizo zilikuwa na kasoro. Sakafu zake zililika kwa kukwaruzwa na mawe ya ufukweni, na katika mawimbi zilijikunja. Hoare na wanafunzi wake walianza kwa kugandisha plaiwudi chini yake. Baada ya majaribio mengi, walipata tumbo gumu lenye umbo la herufi V, lililozungukwa na maboya ya upepo. Tumbo lilipasua wimbi badala ya kulipiga kwa ubapa. Maboya yalipunguza kishindo na kuituliza boti.

Mwaka 1972, RNLI ilianza kutumia boti ya aina hiyo, Atlantic 21, iliyopewa jina la chuo.

Hoare alifariki dunia mwaka 1988. Leo waokoaji na majeshi ya majini ya nchi nyingi hutumia boti za muundo huo, ambao mvumbuzi wake hakutaka kuufanyia biashara.